Stopa ya kereji kwenye lezi: dalili, sababu na marekebisho

Fundi anayekereza bushi (vipande vya mviringo vyenye tundu) ishirini za aina moja kwenye lezi, mashine ya kukerezea, huhangaika na urefu kuliko kipenyo. Kipenyo kina namba zake kwenye gurudumu la sladi, sehemu inayosogeza kisu kuelekea katikati ya kipande. Urefu unategemea kereji, gari linalobeba kisu kwenda kushoto na kulia, na kwenye lezi nyingi za mitumba zilizoko karakana zetu gurudumu la kereji halina namba, au namba zimefutika, au ziko kwa inchi wakati mchoro wa mteja uko kwa milimita. Stopa ndiyo dawa. Ni kipande cha chuma kinachobanwa kwenye reli ya mbele ya bedi (mwili mrefu wa mashine ambao kereji hutembea juu yake), kushoto kwa kereji. Kereji ikifika hapo inagota, na kisu kinakuwa pale pale kila mara.

Malalamiko kuhusu stopa ni yale yale kila karakana: inateleza, urefu unapishana, namba hazilingani na kipimo, gia imelia. Mengi yanatokana na kuifanya stopa breki. Stopa ni kifaa cha kupimia, na inataka kuguswa kama maikromita inavyoguswa: kwa upole, na kwa nguvu ile ile kila mara. Ukilishika hilo, nusu ya dalili zilizoandikwa hapa chini hutaziona.

Stopa yenyewe si kitu kigumu kutengeneza. Kuna kitalu chenye mfereji wa V unaokalia reli; kwa lezi ndogo ya mezani kipande cha alumini au chuma laini cha kama 40 kwa 50 kwa 60 mm kinatosha, na kwa mashine kubwa ongeza unene. Chini yake kuna sahani inayobana bedi kutokea uvunguni, ikivutwa na bolti moja au mbili za M8 au M10. Kisha kuna skurubu ya kugusia, iliyopita kwenye kitalu sambamba na bedi, yenye nati ya kuifunga. Hizo ndizo sehemu zote, na kila moja ina namna yake ya kuharibika.

Pima kwanza, usifungue kitu

Zima mashine kwenye swichi kuu. Safisha bedi, funga stopa, kisha weka geji ya saa (kipimo cha sindano) yenye sumaku juu ya bedi, ncha yake iguse kereji upande ambao haitagongana na stopa. Sumaku ikae kwenye bedi, isikae juu ya stopa wala kwenye kereji. Peleka kereji kwa mkono mpaka iguse stopa, irudishe sentimita chache, ipeleke tena. Rudia mara nane au kumi na uandike namba.

Sindano ikirudi ndani ya 0.02 mm kila mara, stopa yako haina kosa, na tatizo liko kwenye kazi (kipande kinachokerezwa), kisu au sladi. Nenda dalili ya kwanza. Ikirukaruka zaidi ya hapo, tatizo liko kati ya stopa na kereji. Nenda dalili ya pili. Nimeona stopa nzuri ikitupwa na nyingine ikitengenezwa upya, kumbe kilichokuwa kikihama ni kipande kilichobanwa kwenye chaku, kishikio chenye taya kinachozunguka. Kipimo hiki cha dakika tano kingeokoa kazi yote hiyo.

Dalili ya 1: Stopa imetulia kwenye geji, lakini urefu wa kazi unapishana

Anza na namna kazi inavyokaa kwenye chaku. Stopa inajua kereji iko wapi. Haijui uso wa kazi uko wapi. Kipande kimoja kikiingia ndani ya taya milimita moja zaidi ya kingine, bega, yaani ngazi unayokata, litahama milimita moja, na hakuna stopa ya kereji itakayolizuia. Chenga (kipande chembamba cha chuma kilichokatwa) moja nyuma ya kazi inatosha kuleta kasoro. Safisha taya kila unapobadilisha kipande, kisha kipe kazi mahali pa kugotea: kingo ya ngazi za taya, au stopa ya ndani, yaani fimbo inayofungwa kwenye tundu la spindeli (mhimili unaozungusha chaku) na kazi ikagota juu yake. Wengine huweka vipande vya chuma sambamba kati ya kazi na uso wa chaku ili kupata kina sawa. Ni njia nzuri, ila viondoe vyote kabla ya kuwasha. Kipande kilichosahaulika hapo hutoka kwa kasi ya kuumiza mtu.

Kazi pia huweza kusukumwa ndani wakati wa kukata, hasa ukikata uso kwa mkato mnene huku taya zimeshika kipande kifupi. Chora alama ya kalamu pale taya zinapoishia. Alama ikipotea ndani ya taya baada ya mkato, umepata jibu.

Kama unakereza kati ya senta mbili (ncha zinazoshika kazi kwenye matundu ya miisho yake), angalia matundu ya senta. Kwa senta ya nyuzi 60, tundu likizidi jingine kwa 0.5 mm ya kipenyo, kazi inazama zaidi kwa karibu 0.43 mm, na urefu wote unahama kiasi hicho. Hapa mafundi hulaumu stopa siku nzima. Dawa ni kutoboa matundu yote kwa kina kimoja, na telistoki (kichwa cha kulia kinachoshika senta) nayo inaweza kuwekewa stopa yake, au tumia senta ya springi upande wa hedistoki (kichwa cha kushoto chenye spindeli) ili uso wa kazi wenyewe ugote.

Baada ya hapo, sladi ya juu. Hii ndiyo inayobeba kisu, na ikiwa huru inarudi nyuma kidogo kidogo kila mkato. Ishike kwa mkono na uivute mbele na nyuma. Ukisikia mchezo, kaza skurubu za ukanda wake mpaka isogee kwa uzito kidogo, au uifunge kabisa kama huitumii. Iangalie pia imekaa nyuzi ngapi. Mara nyingi imeachwa kwenye mkao wa kukatia thredi (hesi), nyuzi 29 au 30, na fundi anaitumia kuongeza kina cha mkato bila kukumbuka kwamba kila 1 mm ya sladi hiyo inapeleka kisu karibu nusu milimita kuelekea kwenye chaku. Stopa imesimama, kisu kimetembea.

Kisu chenyewe: kimelegea kwenye kishikio, kimevunjika ncha, au umekibadilisha bila kupanga stopa upya. Kila kisu kina urefu wake wa kutokeza. Ukibadilisha kisu, gusa uso wa kazi upya.

Joto huja baadaye, lakini kwa kazi ya vipimo vikali usilidharau. Chuma cha urefu wa 100 mm kikipanda joto kwa nyuzi 30 za selsiasi kinarefuka kwa karibu 0.035 mm, na alumini karibu mara mbili ya hapo. Ukipima kipande cha moto na kingine kilichopoa, utaona tofauti ambayo kwa kweli haipo.

La mwisho na la nadra ni spindeli inayosogea mbele na nyuma. Weka ncha ya geji kwenye uso wa chaku iliyosimama, kisha isukume na uivute kwa mkono. Sindano ikihama zaidi ya 0.02 au 0.03 mm, beringi zinahitaji kukazwa au kubadilishwa. Simama hapo. Beringi za spindeli hukazwa kwa kiasi maalumu. Zikikazwa kupita kiasi zinachemka na kufa. Mwite fundi aliyewahi kufungua hedistoki ya mashine ya aina hiyo.

Dalili ya 2: Kereji haisimami pale pale

Chenga za chuma. Huu ndio ugonjwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Chenga nyembamba ya 0.1 mm ikikaa kati ya skurubu ya kugusia na kereji, urefu umepotea 0.1 mm. Weka brashi karibu na upanguse sehemu zote mbili kila mzunguko. Kupuliza kwa upepo wa kompresa si vizuri, kwa sababu unazisukuma chenga chini ya kereji, ambako zitakwaruza reli, na nyingine zinaruka machoni. Unapotengeneza stopa, ichonge ncha ya skurubu iwe ya mviringo badala ya bapa, au bandika gololi ndogo ya beringi mbele yake. Ncha ya mviringo ina nafasi ndogo ya kukalia chenga.

Nguvu ya mkono hufuata. Gurudumu la kereji linaendesha pinio (gia ndogo) juu ya reki (ukanda wa chuma wenye meno), na uwiano wake unaupa mkono nguvu kubwa kuliko unavyohisi. Ukisukuma kwa kiganja leo na kwa vidole viwili kesho, unaminya stopa tofauti. Zoezi jema: fika mpaka uguse, rudi milimita moja, gusa tena kwa vidole viwili, halafu shikilia hapo hapo mpaka mkato uishe. Ukiachia gurudumu, ulegevu wa reki unaiacha kereji irudi. Ukikata uso, ukishagusa stopa funga kereji kwa bolti yake ya kufungia. Si kazi ya stopa kuizuia kereji isirudi nyuma.

Tazama skurubu inagusa wapi. Mbele ya kereji huwa kuna waipa (kifutio) ya kitambaa kigumu au raba iliyoshikwa na kibati chembamba. Stopa nyingi za kutengeneza mwenyewe hugota kwenye kibati hicho, nacho kinabonyea kama kitambaa kilivyokauka au kulowa. Sindano inacheza na mtu haelewi kwa nini. Sogeza skurubu iguse chuma chenyewe cha kereji. Kama hakuna sehemu bapa, funga kitufe kidogo cha chuma kigumu kwenye kereji mahali penye nyama ya kutosha, bila kutoboa njia ya mafuta.

Kama bado, stopa inajipinda. Skurubu ikiwa juu sana kutoka kwenye reli, kila mguso unakiinamisha kitalu. Ishushe karibu na reli kadiri kereji inavyoruhusu, na usiiache itokeze mbele ya kitalu kwa zaidi ya mara mbili ya kipenyo chake. Skurubu ya M6 iliyotokeza 40 mm ni springi. Nati ya kufungia nayo ikazwe kabla ya kupima, kwa sababu kuikaza kunaivuta skurubu kidogo.

Ukishafanya yote hayo na sindano bado inaruka, shika kereji pembe ya nyuma na uinyanyue. Ikipanda au ikizunguka, sahani zinazoishikilia chini ya bedi zimelegea au zimelika. Kukaza skurubu zake kidogo ni kazi yako. Kama inakaza karibu na telistoki na kulegea karibu na chaku, bedi limelika upande wa chaku na hakuna skurubu itakayoponya. Hilo nalirudia mwishoni.

Dalili ya 3: Stopa inateleza

Angalia mafuta. Reli inapaswa kuwa na mafuta, lakini chini ya stopa yanafanya kazi ya kuteleza. Futa sehemu hiyo kwa kitambaa kikavu kabla ya kubana, na ukiiondoa stopa rudisha mafuta ili reli isishike kutu, hasa kwa walio pwani.

Bolti haijakazwa, au imekazwa mahali pabaya. Bolti ikiwa katikati ya sahani na sahani haina kisigino upande wa pili, inainama na kubana kwa ukingo tu. Sahani nzuri inakalia bedi upande mmoja, na upande mwingine inakalia kisigino chenye kimo sawa na nafasi iliyopo, na bolti iko karibu na bedi kuliko na kisigino. Hapo nguvu kubwa inaenda kwenye bedi.

Uvungu wa bedi haujasawazishwa. Mashine nyingi, hasa ndogo za bei nafuu, zimeparwa vizuri juu lakini chini zimeachwa kama zilivyotoka kwenye kalibu, na rangi juu yake. Stopa inabana vizuri hapa, mbele kidogo inacheza. Kwangua rangi iliyovimba na uweke kipande cha shaba ya manjano kati ya sahani na bedi. Shaba inafuata mabonde madogo na haikwaruzi.

V haikalii reli. Hii ndiyo sababu ya ndani zaidi, na inahitaji uvumilivu. Paka reli rangi ya bluu ya kupimia kwa wembamba sana, kalisha kitalu, kitikise kidogo, kinyanyue na utazame. Bluu ikitokea kwenye miteremko yote miwili, mbele mpaka nyuma, ni sawa. Ikitokea kwenye kona ya juu tu, kilele cha reli kinagusa chini ya mfereji, na kitalu kinaelea. Piga msumeno mfereji mwembamba pale kwenye kona ili kilele kipate nafasi. Ikitokea upande mmoja, pembe si sahihi. Reli nyingi zina nyuzi 90, lakini usikisie; pima kwa protrakta kabla hujachonga.

Kama huna mashine ya milingi, kuna njia ninayoipenda sana. Chonga mfereji kwa msumeno na tupa, mpana kuliko reli kwa milimita mbili hivi. Paka reli nta ya kung'arishia gari na uisugue mpaka iwe nyembamba. Jaza mfereji gundi ya epoksi yenye unga wa chuma, kalisha kitalu juu ya reli huku skurubu ya kugusia ikiwa sambamba na bedi, na ukiache usiku mzima au kadiri kopo linavyosema. Asubuhi kigonge kwa nyundo ya raba. Utapata mfereji unaofanana na reli yako yenyewe, uchakavu wake ukiwemo.

Usitatue utelezi kwa kuongeza bomba kwenye spana. Ukingo wa bedi ni chuma cha kalibu, na chuma hicho kikizidiwa hakipindi, kinapasuka. Kama M8 iliyokazwa kwa mkono mmoja haitoshi kuizuia stopa, basi kuna kitu kinaisukuma kupita kiasi, na kwa kawaida kitu hicho ni oto, yaani kereji kuendeshwa na mashine yenyewe.

Dalili ya 4: Kereji iligonga stopa ikiwa kwenye oto

Mkanda umelia, gia zimegonga, au kila kitu kimesimama kwa kishindo. Bonyeza swichi ya dharura kwanza. Usijaribu kufungua lever ya oto wakati imebanwa. Mara nyingi haifunguki, na mkono wako uko karibu na chaku inayozunguka.

Sababu kubwa ni matumizi. Oto ya lezi ya kawaida haijui kwamba imefika. Nusu nati (nati iliyogawanywa inayoiunganisha kereji na skurubu) inapofungwa kwenye skurubu ndefu ya kukatia thredi, kereji na spindeli vimeunganishwa kwa gia, hakuna kinachoteleza kati yao. Stopa ikiizuia kereji, kitu kitapasuka: pini, jino la gia, nusu nati au bedi. Kwa hiyo usikate thredi kuelekea kwenye stopa iliyobanwa, hata mara moja.

Kwenye oto ya kukereza, zoea kuifungua milimita chache kabla ya stopa na kumalizia kwa mkono. Hesabu muda ulio nao. Kwa mizunguko 500 kwa dakika na mwendo wa 0.2 mm kwa mzunguko, kereji inatembea 100 mm kwa dakika, hivyo milimita 5 zinakupa sekunde tatu. Zinatosha. Kwa thredi ya 2 mm na mizunguko 200, inatembea 400 mm kwa dakika, na milimita 5 hizo zinaisha kabla ya sekunde moja. Mkono wa binadamu hauwahi kwa uhakika.

Zipo mashine zenye klachi ya usalama ndani ya eproni (sanduku la gia lililo mbele ya kereji), kama CA6140 ya Kichina, ambayo klachi yake huachia mwendo wa kukereza mzigo ukizidi. Kwa mashine hizo stopa imara inaweza kuisimamisha kereji. Lakini klachi hiyo hailindi nusu nati, na kwa mashine iliyotumika miaka mingi inaweza kuwa imekazwa kupita kiasi au imeganda. Ijaribu bila kazi, kwa mwendo mdogo kabisa, kisu kikiwa mbali na chaku, kipande cha mbao laini kikiwa kati ya kereji na stopa. Mbao ikianza kupondwa na mwendo usiachie, zima. Klachi haifanyi kazi.

Baada ya kishindo, kagua hivi mashine ikiwa imezimwa. Pini ya usalama kwenye skurubu ndefu: imekatika? Kama ndiyo, imefanya kazi yake, weka nyingine ya kipimo na madini yale yale. Kuweka msumari mgumu au bolti ya daraja la juu badala yake ni jambo linalofanyika sana na ni hatari, kwa sababu safari ijayo kitakachokatika ni gia. Kisha zungusha chaku kwa mkono na usikilize. Mlio wa kurudia kila mzunguko ni jino lililovunjika. Tembeza kereji bedi zima na uone kama gurudumu linakuwa zito mahali fulani. Tazama ukingo wa bedi pale stopa ilipobanwa: futa mafuta, sugua chaki ya ubaoni, subiri. Mafuta yaliyonaswa ndani ya ufa yanaingia kwenye chaki na kuuonyesha kama mstari mweusi.

Acha mashine na ita fundi wa mashine ukiona ufa kwenye bedi au eproni, skurubu ndefu inayoyumba inapozunguka, au nusu nati isiyofunga. Bedi lililopasuka halichomelewi na mchomeleaji wa mageti. Chuma cha kalibu kinataka kupashwa na kupoozwa kwa utaratibu, na hata hapo reli inaweza kupinda.

Dalili ya 5: Urefu unakosea, lakini kwa kiasi kile kile kila mara

Hii ni habari njema, kwa sababu kosa lisilobadilika lina hesabu.

Ulipogeuza skurubu ya kugusia ulitegemea namba zisizolingana na thredi yake. Mzunguko mmoja wa skurubu ni sawa na hatua ya thredi: M6 ya kawaida ni 1 mm, M8 ni 1.25, M10 ni 1.5. M6 inapendeza kwa hesabu na inapatikana duka lolote la vifaa, ila ni nyembamba. M10 ya hatua 1 ni bora, lakini huenda ukalazimika kuikata mwenyewe kwenye lezi hiyo hiyo. Ukichora gurudumu lake mistari 50, kila mstari ni 0.02 mm kwa hatua ya 1 mm, 0.025 kwa M8, na 0.03 kwa M10 ya kawaida. Kwa M10 ya kawaida chora mistari 75 upate 0.02. Kugawanya mistari si lazima uwe na kifaa maalumu: kama seti ya gia za lezi yako ina ya meno 50, ifunge nyuma ya spindeli, tengeneza kidole cha kuingia kwenye jino, na uchore mstari mmoja kila jino kwa ncha ya kisu.

Mashine za Kiingereza za zamani husoma kwa inchi, ambapo mstari wa elfu moja ni 0.0254 mm. Anayeuhesabu kama 0.02 anakosea zaidi ya robo ya milimita kila inapofika milimita moja na nusu.

Sababu nyingine ni kupima vibaya. Kisu chenye ncha ya mviringo ya 0.8 mm kinaacha kona ya mviringo ya 0.8 mm, na ulimi wa venia (kipimo cha kutelezesha) ukikalia kona hiyo, kina kinasomeka pungufu. Pima mbali na kona. Na ukitumia vipande vya kuwekea kati ya stopa na kereji ili kupata mabega kadhaa, njia nzuri sana kwa shafti zenye ngazi, hakikisha ncha zake zimekerezwa uso na si kukatwa kwa msumeno tu.

Dalili ya 6: Taya zinagonga sladi kabla stopa haijaguswa

Hapa stopa imefungwa mahali pasipo sahihi, na ni kosa linaloumiza. Kila unapopanga stopa mpya, spindeli ikiwa imezimwa, peleka kereji mpaka iguse, ingiza sladi mpaka kipenyo cha mwisho, kisha zungusha chaku kwa mkono mzunguko mzima. Tazama taya zilizotokeza nje ya chaku, kwa sababu ndizo zinazogonga pembe ya sladi ya juu. Usivae glavu unapokereza, na ufunguo wa chaku usibaki kwenye chaku hata kwa dakika moja.

Kama stopa haifiki karibu na chaku kwa sababu eproni inagonga sanduku la gia au bedi lina pengo, usiibane stopa kwenye kipande kinachoziba pengo. Hakijatengenezwa kwa nguvu za pembeni. Refusha skurubu kwa kipande kinene cha mm 16 au zaidi chenye tundu la thredi, au ifunge stopa upande wa kulia wa kereji pale kazi inaporuhusu kukata kuelekea telistoki.

Dalili ya 7: Reli ina makovu

Alama ndogo za kung'aa ni msuguano tu. Vinundu vilivyoinuka ni tatizo, kwa kuwa kereji inavipanda. Vitelezeshee jiwe la kunolea lenye mafuta, bapa, mpaka usivisikie kwa ukucha. Usitumie tupa wala diski ya grainda. Halafu tafuta kilichovileta: bolti inayobana bedi moja kwa moja bila shaba, ukingo wa kitalu usioondolewa makali, au chenga zilizonaswa chini ya V.

Kama reli ina bonde, si kovu, utaligundua kwa rula iliyonyooka na fila geji (majani membamba ya kupimia nafasi): iweke rula juu ya reli kwa urefu na ujaribu kupitisha jani la 0.05 mm chini yake karibu na chaku. Likipita, stopa itaendelea kukupa mguso sahihi, lakini kisu kitakuwa kinashuka na kuyumba kila kereji inapoingia kwenye bonde, na bega litatoka na mteremko. Hiyo ni kazi ya kuparuza au kusaga bedi. Mtafute anayekuja na levo ya usahihi na geji zake mwenyewe, akapima bedi mahali pengi na kukuonyesha namba kabla ya kukutajia bei.